Siku za Mwisho za Safari ya Gari-Nyumba: Kutoka Pangani hadi Mombasa

Safari ndefu ya pwani kwa gari-nyumba, yaani gari lililofungwa kitanda, jiko na tangi la maji ili wasafiri walale na kupika humo humo, aghalabu hupangwa kwa makini katika siku zake za mwanzo, kisha siku za mwisho zikaachwa zijimalize zenyewe. Mpango wa namna hiyo unastahili kupinduliwa, kwa sababu kosa la siku ya tatu lina wiki nzima mbele yake ya kurekebishwa, ilhali siku nne au tano za mwisho ndizo zinazobeba mpaka wa nchi, hati za forodha, usafi wa gari na makabidhiano yake, na shughuli hizo zote zina saa zake ambazo hazimngojei mtu. Mwongozo huu unahusu kipande cha mwisho cha safari iliyoanzia kusini, Mtwara au Kilwa, ikapita Dar es Salaam, Bagamoyo na Saadani, na ambayo sasa imefika Ushongo, kusini mwa mto Pangani, ikielekea Tanga, Horohoro na hatimaye Mombasa. Kipande hicho hakifiki kilomita 250, na ufupi wake ndio unaowadanganya wengi wakadhani kinaweza kumalizwa kwa siku moja na nusu.

Hesabu ya siku ianzie mwisho na kurudi nyuma. Siku ya kukabidhi gari, au ya kulipeleka bandarini, au ya msafiri kupanda ndege, isiwekewe jambo jingine lolote. Siku inayoitangulia iwe ya kusafisha na kukausha. Siku ya kuvuka mpaka isimame peke yake, hata kama umbali wake ni wa saa chache. Na kabla ya hapo pawepo kituo kimoja cha mapumziko ambapo gari halitaondolewa kwa usiku mbili. Kanuni inayolinda mpango huo ni kutoendesha baada ya jua kuzama, kwa kuwa barabara za pwani usiku zina malori yaliyoharibika yakaachwa bila taa, baiskeli zisizoonekana, na mifugo inayolala juu ya lami kwa sababu lami huhifadhi joto la mchana.

Kituo cha mapumziko kinachofaa kuliko vyote katika kipande hiki ni Ushongo au Pangani penyewe. Pangani ni mji mdogo wenye historia nzito, kwani ndiko Abushiri bin Salim alikoongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na ndiko alikonyongwa mwezi Desemba 1889, na majumba yake ya zamani kando ya mto yanastahili asubuhi moja ya kutembea kwa miguu. Hata hivyo, kabla ya kuamua gari lisimamishwe wapi ufukweni, msafiri anapaswa kujua mwezi uko wapi. Siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa za bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani hii huweza kukaribia mita 4. Siku zinazofuata nusu ya mwezi huwa za maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo. Katika siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, kisha saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Anayefika saa tano asubuhi huona ufukwe mpana, mgumu na mkavu unaomkaribisha kuegesha, na ikiwa hajui kalenda ya bahari ataamshwa saa kumi alfajiri na maji yaliyokwisha kuzunguka magurudumu. Alama ya kuaminika ni ule mstari wa mwani mkavu, vijiti na takataka unaoachwa na maji yaliyojaa mara ya mwisho. Lakini ikiwa bamvua bado inakuja, hata mstari huo utapitwa, na gari lapaswa kukaa juu kabisa, kwenye ardhi yenye majani na minazi.

Ipo sababu nyingine ya kuliweka gari mbali na mchanga, nayo haihusu usalama wa gari. Mbele ya Ushongo kipo kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ambacho zamani kilikuwa na miti lakini leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapopwa tu. Kasa bado hupanda kutaga Maziwe, na kwa kuwa mayai yakiachwa huko hufunikwa na maji, wahifadhi wa eneo hilo huyahamishia ufukwe wa Ushongo, ambako hukaa chini ya mchanga kwa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Gari linalopita juu ya mchanga hukandamiza viota visivyoonekana, na taa zake usiku huwapoteza watoto wa kasa, ambao hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi. Kwa hiyo msafiri anayewajali viumbe hao huzima taa za nje mapema, hulala nyuma ya mstari wa miti, na akitaka kuiona Maziwe huwatafuta wenye mashua wa Ushongo au Pangani, ambao ndio watakaomwambia saa ya kuondoka kwa kadiri ya kupwa kwa maji.

Waliopunguza upepo wa matairi ili kupita kwenye mchanga, pengine hadi pauni 18 kwa inchi ya mraba, waujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo linaloenda kasi hupinda sana kila linapozunguka, hupata joto na hatimaye hupasuka, na gari-nyumba lina mzigo mkubwa juu ambao husababisha lipinduke upesi zaidi kuliko gari la kawaida.

Jambo kubwa kuliko yote katika siku hizi ni chumvi, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu madhara yake huonekana miezi mingi baada ya safari kwisha, wakati ambapo hakuna anayekumbuka yalikotoka. Chuma huota kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo kwa njia mbili: kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni tendo la kikemia linalotegemea mkondo mdogo wa umeme kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, pili, chumvi hufyonza unyevu wa hewani, hivyo chuma chenye vumbi la chumvi hubaki na unyevu hata siku ambayo hakuna mvua. Gari lililokaa pwani kwa wiki kadhaa limebeba chumvi hata kama halijagusa maji ya bahari, kwa sababu upepo wa kusi na wa kaskazi huileta katika matone madogo yasiyoonekana, na chumvi hiyo hukaa mahali ambapo macho hayafiki: ndani ya mbavu za chasisi, juu ya mabomba ya breki, kati ya mapezi ya rejeta, kwenye springi, na nyuma ya tairi la akiba lililofungwa chini ya gari.

Dawa yake ni maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na mto Pangani wenyewe karibu na mlango wake huchanganyika na bahari. Jaribio ni rahisi: sabuni ikikataa kutoa povu, maji hayo hayafai. Kuosha gari mtoni hakufai kwa vyovyote, kwa sababu mafuta na sabuni vitamfikia anayechota maji chini zaidi. Mahali pa kufanyia kazi hii ni Tanga, ambako maji ya mji hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Kazi yenyewe ianze kwa kuondoa mchanga kwa brashi gari likiwa kavu, kisha maji yapitishwe chini ya gari polepole na kwa muda mrefu, si kwa mpira wenye nguvu nyingi karibu na baringi za magurudumu, kwani nguvu hiyo husukuma maji na mchanga hadi ndani ya mihuri inayozuia grisi isitoke. Chasisi yenye matundu imiminiwe maji ndani mpaka yatoke safi upande wa pili. Baada ya hapo gari liendeshwe kilomita chache, likifungwa breki taratibu ili zikauke, na siku inayofuata vichwa vya betri visafishwe kwa brashi na kupakwa grisi.

Baadhi ya mafundi watashauri chasisi ipakwe oili chafu, yaani mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika. Ushauri huo ukataliwe, kwa maana mafuta hayo huvimbisha na kulegeza mipira iliyo chini ya gari, hushika vumbi lenye chumvi likagandamana na chuma, na mabaki yake hudondoka ardhini kila gari linaposimama.

Ardhi hiyo yenyewe ina tabia inayopaswa kueleweka. Sehemu kubwa ya pwani kuanzia Tanga hadi Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba wenye matundu na nyufa nyingi unaopitisha maji upesi bila kuyachuja vya kutosha, na visima vya watu vimo ndani ya mwamba huo huo. Hata visima vikubwa vya Tiwi, vinavyohudumia wakazi wa kusini mwa Mombasa, huteka maji yaliyo chini ya ardhi ya ukanda huo. Kinachomwagwa nyuma ya gari jioni kinaweza kufika kisimani. Kwa hiyo maji taka ya jikoni yahifadhiwe kwenye chombo chake mpaka pawepo mahali pa kuyamwaga, na choo cha kubebeka, ambacho ni tangi dogo lenye dawa ya kuzuia harufu, kimwagwe tu pale ambapo mwenye kambi ameonyesha, baada ya kuambiwa waziwazi kwamba ndani yake mna dawa, kwa sababu dawa za aina fulani huua bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha uchafu ndani ya makaro. Matangi yote yamalizwe Tanga, kabla ya mpaka, ili gari livuke likiwa jepesi na safi.

Jikoni nako kuna hatari ya siku za mwisho. Gesi ya kupikia hukaribia kwisha, msafiri hataki kununua mtungi mwingine kwa siku tatu, na mvua ya vuli au masika ikianza hushawishika kuliingiza jiko la mkaa ndani ya gari. Jambo hilo lisifanywe hata kwa dakika chache. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu, na chumba kidogo cha gari hujaa gesi hiyo kabla mtu hajahisi zaidi ya usingizi na kichwa kuuma. Jiko lililoonekana kuzimika bado linaitoa. Mtungi wa gesi, kwa upande wake, ufungwe kwenye koki yake wakati wote gari linapotembea, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni, chini ya kitanda, ikingoja cheche. Uvujaji hukaguliwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Njiani kutoka Pangani kwenda Tanga ipo Tongoni, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa kale, na kaskazini mwa Tanga, kwenye barabara hiyo hiyo ya Horohoro, yapo mapango ya Amboni. Pote pawili panatosha saa moja au mbili, na anayelazimika kuchagua achague Tongoni, kwa sababu makaburi yale hayana mfano mwingi mahali pengine na bahari imo karibu nayo mno. Tanga yenyewe itumike kwa kazi: kujaza mafuta, kutoa nakala za hati, kununua chakula cha siku mbili tu, na kuwalipa wote wanaodai, kuanzia mlinzi wa kambi hadi mwenye mashua, kwa kuwa deni dogo lililovushwa mpaka halilipiki kwa urahisi.

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni takriban kilomita 65. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja cha mpakani, maana yake maofisa wa uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili hukaa katika jengo la upande ambao msafiri anaingia, naye hukamilisha ya kutoka na ya kuingia mahali pamoja. Urahisi huo una mtego wake: ni rahisi kupata mhuri wa pasipoti na kusahau mhuri wa gari. Gari lenye namba za nchi nyingine huwa limeingia Tanzania kwa kibali cha muda, ambacho ni ahadi kwamba litatoka bila kuuzwa, na ahadi hiyo haifungwi mpaka forodha iandike kwamba limetoka. Wanaotumia karneti, yaani kitabu cha dhamana kinachotolewa na chama cha wenye magari ili gari lipite nchi nyingi bila kulipiwa ushuru, wahakikishe kila ukurasa una mhuri wa kuingia na wa kutoka, kwa sababu fedha za dhamana hazirudishwi hadi mihuri yote ionekane, na kuutafuta mhuri mmoja uliosahaulika kutoka mbali ni kazi ya miezi. Gari la kukodi lahitaji barua ya mwenye gari inayoruhusu livuke mpaka. Bima nayo iwe inatambuliwa pande zote mbili, na njia iliyozoeleka ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hugharimia madhara ambayo gari limewasababishia watu wengine katika nchi zilizomo ndani ya mpango huo, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kadi hiyo isichanganywe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa katika dawati la afya na ambayo tangu mwaka 2016 huhesabiwa kuwa halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Asubuhi ya kuvuka, kabati zote za gari zikaguliwe kwa mambo mawili. La kwanza ni mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Adhabu ya Kenya huweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne, na katika hifadhi za taifa za Kenya chupa za plastiki za kutumiwa mara moja nazo zimekatazwa tangu Juni 2020. La pili ni vitu vya baharini ambavyo abiria, hasa watoto, wameviokota au kuuziwa njiani. Matumbawe magumu, kome wakubwa wa jamii ya Tridacna na kitu chochote cha kasa vimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kuvivusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama vilipatikana ufukweni vikiwa vimekufa. Virudishwe baharini kabla ya kuondoka Tanga.

Upande wa Kenya, barabara ya takriban kilomita 100 kutoka Lunga Lunga hadi Mombasa hupita mashamba ya minazi na miwa ya Kwale, na anayehitaji mapumziko asimame Gazi, ambako wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja huhifadhi mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayofyonzwa na misitu hiyo, mapato yakaenda kwenye maji na elimu. Kuingia kisiwa cha Mombasa kuna njia mbili. Kivuko cha Likoni ni kifupi lakini kina msongamano, na gari refu na zito hupata shida kwenye mteremko wa kupandia. Mwaka 2019 gari dogo lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri na watu wawili waliokuwamo wakafa. Anayepita hapo afunge breki ya mkono, aweke gia, aweke kigingi nyuma ya gurudumu, ashushe vioo na kuwatoa abiria wote nje. Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha upande wa Kwale na Miritini kwa madaraja, huzunguka zaidi lakini ndiyo inayofaa gari-nyumba, na hakuna sababu ya kuchagua Likoni isipokuwa makazi ya usiku huo yawe karibu nayo.

Siku inayotangulia makabidhiano ni ya ndani ya gari. Magodoro yatolewe juani na kusimamishwa wima, taulo na mapazia vifuliwe kwa maji baridi, kwa sababu kitambaa chenye chumvi hakikauki kabisa na ndicho chanzo cha ukungu. Friji iachwe wazi, matangi yamwagwe, makombo yafagiliwe mpaka kwenye pembe ambazo sisimizi huzijua. Gari la kukodi likabidhiwe mchana, mbele ya mwakilishi wa mwenye mali, likiwa limepigwa picha pande zote pamoja na mita ya kilomita, na kila mchubuko uandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili kabla ya ufunguo kubadili mkono. Anayelihifadhi gari lake mwenyewe afungue waya hasi wa betri, na aliegeshe mahali penye kivuli na sakafu ngumu, mbali na upepo wa bahari.

Hata baada ya ufunguo kurudishwa, bado lipo jambo moja la afya. Malaria hukaa mwilini angalau siku saba kabla ya homa kuanza, na mara nyingi zaidi, hivyo mbu aliyemng'ata msafiri Pangani anaweza kuonyesha kazi yake Nairobi, Njombe au London, mahali ambapo tabibu hafikirii malaria kwanza. Wanaotumia dawa za kinga wasiziache siku ya kuondoka pwani: doksisaiklini huendelezwa kwa wiki nne, na mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili kwa siku saba. Na yeyote atakayepata homa ndani ya miezi mitatu baada ya safari hii akapimwe malaria siku hiyo hiyo, na amweleze tabibu, kabla hajaulizwa, kwamba alikuwa akilala pwani.